Mfungo wa Mchungaji Sakalia

Suva, 3 Machi 1971

Mdogo wangu Sakalia,

"Mchungaji hapewi shamba kwa sababu Mungu mwenyewe ndiye shamba lake. Anayeomba chakula kwa watu amekwisha kumkana Yule aliyemwahidi." Uliandika hivyo katika barua yako ya Desemba, kwa mwandiko wako ule mzuri, na chini yake ukapiga mstari. Nimesoma mara tatu nikitafuta mahali ulipotia mzaha. Sikupaona. Basi nitakujibu, lakini salamu kwanza, maana mama angefufuka aje anizabe kofi.

Mimi sijambo. Goti linauma mvua ikinyesha, na hapa Suva mvua hainyamazi. Shangazi Vaelei ameozesha mjukuu wake wa mwisho na sasa analalamika nyumba imekuwa kubwa. Bado nasahihisha maandishi kwa mpiga chapa, na juzi nimegombana tena na mhariri mpaka akatoka nje kuvuta sigara, na yeye havuti. Mama Shanti, mwenye nyumba wangu, ananiambia, "Pasepa, siku ya kuzikwa utagombana na jeneza." Nikamjibu, "Likiwa limepigwa misumari vibaya, nitagombana nalo kweli."

Sasa jibu. Mungu si shamba lako, Sakalia. Shamba lako ni mgongo wa mwanamke anayeshuka ndani ya shimo la magimbi asubuhi, matope yakamfika kiunoni, akang'oa, akaosha, akapika, akafunika kwa jani na kukuletea barazani. Sikatai kwamba Mungu ndiye anayekulisha. Ninachokataa ni kwamba anakulisha bila mtu kuchafuka. Na mtu anayechafuka kwa ajili yako ana haki ya kujua kama chakula kimetosha.

Losa alilijua hilo. Mkeo hakuwa amesoma chuo cha wachungaji, lakini aliweza kusimama mlangoni na kuwaambia kina mama, "Leo msilete, kile cha jana kimebaki, mpelekeeni mgonjwa." Siku nyingine alisema, "Jamani, leo sufuria iko kimya." Wakacheka, wakaleta. Sasa ni miezi saba tangu mmzike. Nani anaisemea sufuria?

Nakuuliza maswali mawili. Unakula nini? Unakula na nani? Yajibu yote mawili, usinihubirie.

Dada yako,
Pasepa


Fenualalo, 25 Aprili 1971

Dada Pasepa,

Shikamoo. Barua yako imefika na meli ya juzi, imelowa pembeni lakini maneno yako hayajapoa. Nimefurahi kusikia habari za shangazi. Mpe mkono wangu. Pole kwa goti.

Huku kisiwani mvua haijanyesha tangu kabla ya Krismasi. Tangi la kanisa maji yamefika chini ya goti, na watu wanateka kwa kopo, zamu kwa zamu. Betri za redio zimekufa, kwa hiyo usihangaike kutuma simu ya maandishi. Mashelisheli yanaanguka yakiwa madogo kama ngumi ya mtoto. Visima vya upande wa Kusini vimeingia chumvi, na mashimo yao ya magimbi pia. Familia nyingi za Kusini zimepanda meli kwenda Funafuti, kisiwa kikuu, kwa ndugu zao. Wachache waliobaki wamepokewa katika nyumba za Kaskazini. Ni jambo la kumshukuru Mungu, hakuna aliyeachwa nje.

Umeuliza ninakula nini. Utaratibu ni uleule wa baba alipokuwa mchungaji. Jumatatu hadi Jumatano wanaleta Kaskazini, Alhamisi hadi Jumamosi wanaleta Kusini, na Jumapili tunakula wote ukumbini. Kaskazini hawajakosa hata siku moja. Wanaleta samaki, wanaleta shelisheli la kuchoma, na tembo tamu la mnazi, lililogemwa asubuhi, ndani ya kifuu. Wanakaa kando ya ukuta mpaka nimalize, kama ilivyo desturi, mmoja ananifukuzia nzi. Halafu wanakula kilichobaki wakiwa nje.

Kisha nimeona ni vyema, katika majira haya, mchungaji afunge kwa ajili ya watu wake. Ninafunga Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Shemasi Lutelu alinikuta nikifagia kanisa akasema, "Mchungaji, umepungua! Sasa kanzu ndiyo inayokuvaa wewe." Nikamwambia ninafunga. Akavua kofia. "Ee! Basi tuombee, maana sisi tunakula kwa niaba yako." Tukacheka wote wawili. Ni mtu mzuri, Lutelu.

Nalala vizuri. Nimetengeneza mlango wa jikoni, ingawa hakuna anayeutumia.

Swali lako la pili sijalielewa.

Ndugu yako mnyenyekevu,
Sakalia


Suva, 30 Mei 1971

Mdogo wangu,

Salamu. Wote hawajambo. Shangazi amepata paka. Basi, habari za ukoo zimeisha.

Ulilielewa.

Na mimi nimeielewa barua yako kuliko ulivyotaka. Nimeiweka mezani karibu na kalenda ya Mama Shanti, nikaitazama kama ninavyotazama ukurasa wenye kosa ambalo mhariri anaapa halipo. Mfungo wa ajabu huu! Unaanza Alhamisi na kuisha Jumamosi, siku zilezile ambazo upande wa Kusini hauna tena jiko. Niambie, Sakalia: siku hizo ulizichagua wewe, au zilikuchagua?

Nitakusimulia kilichotokea, na kama nimekosea nisahihishe. Alhamisi moja ulikaa barazani ukingoja. Hakuna aliyekuja. Ijumaa hivyohivyo. Watu wa Kaskazini walikuwa wakisema, "Leo ni siku ya Kusini." Wale wa Kusini waliobaki wanapika kwenye jiko la mwenyeji, mgeni hana sufuria yake, nao wakasema, "Mwenyeji wetu atakuwa ameshapeleka." Kila mmoja amelala akiwa na amani kwamba mchungaji ameshiba. Na nani atakwenda kufunua kifuniko cha sufuria ya mchungaji atazame ndani? Afadhali avuliwe nguo sokoni. Lutelu alipokuuliza kuhusu mwili wako, ulikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ukasema unafunga.

Huo si mfungo. Mfungo ni wa mtu mwenye chakula. Wewe umekosa chakula, ukaivika njaa kanzu.

Usiniandikie kwamba unamwamini Mungu. Namwamini na mimi, tena kwa kelele kuliko wewe. Lakini katika sala tunayoisema kila siku tumefundishwa kukiomba chakula cha leo, kwa sauti, na kwa wingi: tupe sisi. Mtu anayesubiri kimya apewe bila kuomba hajamwamini Mungu zaidi yangu. Anamtega, aone kama atakisia.

Mwambie Lutelu maneno matatu tu: "Alhamisi hakuna anayeleta." Ataona haya kwa nusu saa, kisha atapanga zamu upya. Natuma gunia la mchele na samaki wa kopo kwa meli hii. Ule. Wewe. Usimgawie mtu.

Pasepa


Fenualalo, 11 Julai 1971

Dada Pasepa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepata nafuu. Mpe pole paka wa shangazi, nasikia watoto wa jirani wana mikono mizito.

Mchele umefika, asante sana. Gunia lilishushwa kwenye mtumbwi mbele ya kisiwa kizima, maana siku ya meli hakuna anayebaki nyumbani. Lutelu alilibeba mwenyewe begani akiimba. Ningeliweka wapi, dada? Mchungaji anayefunga, na gunia la mchele chini ya kitanda? Nikaligawa palepale ufukweni. Watu walilia. Nilihubiri Jumapili ile kuhusu Mungu anayeleta kitu kutoka mahali usipopatazama, na sikusema uongo.

Umekosea jambo dogo tu katika masimulizi yako. Sikukaa barazani. Nilikaa ndani, ili asije mtu akaona nimekaa nikingoja.

Sasa kuna habari nyingine, na nitakuambia kabla hujaipata kwa mwingine. Jumatatu iliyopita alikuja mama Tilesi, mkuu wa kina mama wa Kaskazini, mikono mitupu. Alikaa chini mbali, karibu na ngazi.

"Mchungaji," akasema, "tumekaa sisi kina mama, tumejiona tuna dhambi."

"Dhambi gani tena, mama?"

"Wewe unafunga kwa ajili ya mvua yetu, sisi tunakuja na samaki wa kuchoma tunamweka chini ya pua yako. Tunakujaribu kama shetani! Tena mimi mwenyewe, na mafuta ya nazi juu yake." Akajipiga kofi la shavu. "Hatuleti tena. Mpaka mvua inyeshe, au mpaka utangaze mwisho mwenyewe."

"Na Jumapili?" nikamuuliza.

"Jumapili utakula na watu wote, hiyo ni ya Bwana." Kisha akasema, "Tangu mama Losa afariki hatujui hata tukuombee nini. Sasa tumejua."

Nikamwambia asante. Ningesema nini kingine?

Najua utakavyonijibu, nasikia sauti yako toka huko. Lakini kumbuka ni nani alinifunza. Nilikuwa na miaka sita. Baba alikuwa mchungaji kule visiwa vya kaskazini, na siku ile chakula kilichelewa. Mwanamke mmoja akapita na samaki wawili, nikamwambia, "Hata sisi tuna njaa." Wewe ulinifinya nyuma ya mkono mpaka damu ikatoka. Ukaniambia, "Mtoto wa mchungaji haombi. Hakuna anayeweza kumnyima, kwa hiyo akiomba, mtu atatoa hata cha mtoto wake." Yule mwanamke alishatuachia samaki wote wawili. Tuliwasikia watoto wake wakilia jioni ile, nyumba ya tatu.

Sijasahau. Nikiyasema hayo maneno yako matatu, Tilesi atachukua cha mjukuu wake aniletee, na hataniambia. Nikinyamaza, nimemwachia Mungu. Nimwachie nani mwingine? Simnyang'anyi mtu kitu kwa kumwamini Mungu.

Katika barua zako zote, dada, hujaniambia na wewe unakula na nani.

Sakalia


Suva, 8 Agosti 1971

Sakalia,

Sote hatujambo. Leo sina mzaha.

Nilikuwa na miaka kumi na moja siku ile ya samaki. Nilikufinya kwa sababu ulikuwa umesema nilichotaka kusema mimi. Nilikuwa na njaa kuliko wewe, na nikajivunia kunyamaza. Miaka arobaini nimekuwa nikidhani lile ni fundisho la dini. Lilikuwa kiburi cha msichana mmoja, na wewe umelifanya kanisa.

Lakini hata katika hesabu yako umekosea. Wale watoto walilia kwa sababu mzigo wote ulimwangukia mama mmoja aliyepita njiani. Laiti ungesema mbele ya kijiji kizima, kila jiko lingetoa tonge moja na hakuna mtoto ambaye angejua. Kuomba kwa mmoja kwa siri kunamnyang'anya. Kuomba kwa wote kwa wazi hakumnyang'anyi mtu. Na kutoomba kabisa kunawanyang'anya wote, kwa sababu siku watakapojua walikula samaki wakati mchungaji wao akifa kwa njaa mita mia kutoka jikoni kwao, watabeba aibu hiyo mpaka kwa wajukuu. Hilo ndilo unalomwandalia Tilesi. Hulioni?

Umeuliza mimi ninakula na nani. Ninakula na kalenda iliyo mezani. Nilitoka katika kanisa letu la hapa miaka mitatu iliyopita kwa ugomvi ambao nilishinda, na tangu hapo hakuna anayenialika Jumapili. Mama Shanti hugonga ukuta akiuliza, "Umekula?" Namjibu, "Nimeshiba," hata kama sijawasha jiko. Unaona tumetoka tumbo moja.

Na nitakuambia lile ambalo hujawahi kuniuliza. Meli ya kuja kwenye matanga ya Losa ilikuwepo. Mwezi mmoja kabla hajafa alikuwa ameniandikia: "Wifi, njoo ukae nasi, nyumba ina nafasi." Sikumjibu. Kumjibu kulikuwa kukiri kwamba nina haja ya kitu. Nikabaki hapa na msimamo wangu, naye akafa akidhani nimemkasirikia.

Ninakuomba. Unaona, ninaweza. Tangaza mwisho wa mfungo. Usipotangaza wewe, nitatangaza mimi.

Dada yako


Fenualalo, 5 Septemba 1971

Dada,

Shikamoo. Naandika kidogo, meli haikai.

Nimesoma habari ya Losa. Hakudhani hivyo. Alisema, "Wifi atakuja akichoka kushinda." Nilipaswa kukuandikia mapema. Sipendi kuandika jina lake, ndiyo maana.

Jumapili ya pili ya Agosti nilianguka mimbarani katikati ya sala. Nilipofumbua macho nilimwona Lutelu amepiga magoti na watu wote wanaimba. Walisema Roho amenishukia. Nilitaka kusema siyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini mzee mmoja alikuwa akilia kwa furaha, akisema sasa mvua imekaribia, na sikupata nguvu ya kumwondolea furaha hiyo.

Sasa hata chakula cha Jumapili wameniondolea, ili wasikate kile kilichoanza. Wananiletea maji, kifuu kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wanayaacha kwenye ngazi na kurudi kinyumenyume, kama mbele ya mfalme. Siku nzima hakuna anayenisemesha, wasije wakaukatiza mfungo. Nasikia tu vicheko vya jikoni kwao, na najua ni nani anacheka. Tilesi ana kicheko kama kuku.

Usitangaze kitu, nakusihi. Watavunjika moyo. Mungu anajua nilipo.

S.


Suva, 26 Septemba 1971

Kwa Shemasi Lutelu na Mama Tilesi, Fenualalo. Isomwe kwa sauti ukumbini, watu wote wakiwepo, mara tu itakapofika.

Nawasalimu kwa heshima, wazee na kina mama wa Kaskazini, na ninyi wa Kusini mliobaki. Poleni na ukame. Jina langu ni Pasepa, ni dada mkubwa wa mchungaji wenu. Sijawahi kukanyaga kisiwa chenu, na hilo ni kosa langu. Nimeomba ruhusa ya kupanda meli hii wakaninyima nafasi, kwa hiyo nampa barua nesi anayekuja kwenu. Nimemwambia asimpe kaka yangu.

Kaka yangu amenisihi nisiwaambie. Leo ninavunja neno lake, na akinichukia nitavumilia.

Mchungaji wenu hakuanza kufunga kwa hiari. Upande wa Kusini ulipovunjika, hakuna aliyepanga upya zamu za Alhamisi hadi Jumamosi. Kaskazini mlidhani Kusini wanapeleka, Kusini mlidhani wenyeji wenu wanapeleka. Hakuna mwenye nia mbaya kati yenu. Yeye aliona haya kusema, akaiita njaa yake mfungo, nanyi kwa upendo mkaamini, mkamwondolea hata zile siku nyingine. Mimbarani hakuanguka kwa Roho. Alianguka kwa sababu ya tumbo tupu. Mchele ule aliowagawia ufukweni ulikuwa wake, na hakupika hata punje.

Najua kuna mmoja hapo ananong'ona, "Lakini Mungu angemlisha mtumishi wake kama angetaka." Wewe unayenong'ona, simama nikuone. Alitaka. Amekuwa akitaka tangu Aprili. Aliweka samaki mikononi mwa Tilesi, na akaweka mdomo usoni pa kaka yangu, na kimoja hakikukifikia kingine kwa sababu ya adabu. Usimsingizie Mungu uchache wetu wa maneno.

Mwingine atasema, "Kama hakuwa mfungo wa kweli, basi mvua tuliyoiombea je?" Sijui habari ya mvua. Najua habari ya mtu mmoja ambaye mkewe amekufa, anayekula huku mkimtazama toka ukutani, na sasa hali kabisa. Kama kuna Mungu anayeleta mvua kwa malipo ya mtu huyo, mimi simfahamu, na ninyi pia hamumfahamu.

Mama Tilesi, ulisema hamjui mmwombee nini tangu Losa afariki. Usimwombee. Mpikie. Uji mwembamba wa nazi, kidogo kidogo, nesi atakuonyesha. Kila nyumba itoe kijiko, asiwepo hata mmoja wa kutoa sahani.

Lutelu, wewe ni mtu mzuri, kaka yangu ameniandikia hivyo. Akisema, "Nimeshiba," usimwamini. Akisema, "Mungu yupo," mwambie ndiyo, halafu mwinue mgongo umlishe.

Na wote mtakaokwenda: msikae ukutani. Kaeni naye kwenye mkeka, mle naye, midomo yote ikitafuna wakati mmoja, na mumsemeshe. Desturi mtairekebisha baadaye, mkipenda, kwa mkutano mrefu kadiri mnavyotaka.

Msipige kura. Msianze kwa sala, mtaomba mkishafika, chakula kikiwa mbele yenu. Wewe unayesoma, kunja karatasi hii. Ninyi mnaosikiliza, inukeni, nendeni kwake sasa.